Mawe ya Likwaya Yamefika Ng'ambo

Stechford, Birmingham
Jumapili asubuhi

Dada Somoe, shikamoo.

Mawe ya Likwaya yapo, mpaka ng'ambo. Aliyesema ni Bwana Mchopa, afisa utamaduni wa wilaya, kwa simu leo asubuhi. Jana aliyakanyaga mwenyewe. Mchimba mchanga hatapewa kibali pale. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu zote ulitafute.

Sasa salamu. Jicho linaendeleaje? Mwanao Zaituni ameniambia bandeji imetolewa na daktari wa Lindi amekuruhusu kusoma kidogo kidogo. Ulikataa nikusimulie kwa simu, ukasema habari ya mto wetu utaisoma mwenyewe. Basi nimeandika kwa mkono, na Zaituni atakuonyesha picha ya karatasi hizi kwenye simu yake, azikuze herufi upendavyo. Ukichoka pumzika. Mimi ni mzima. Huku ni majira ya joto, joto la kuvalia sweta, na kazi ya redio inaendelea.

Kiangazi kilichopita, nilipokuja, ulinizungusha kote: kichuguu cha wafua chuma chenye mavi ya chuma mpaka leo, magofu ya ghala la pamba, na mwisho Likwaya, pale wazee wetu walipopanga mawe chini ya maji ili wavuke wakifukuzwa na Wangoni. Makaburi yao yako juu ya ukingo, na mchimba mchanga alikuwa ameshaanza kupima hapo. Bwana Mchopa alikuja, akaona mawe yanaishia katikati ya mto. Akasema nusu ya kivuko si kivuko, huenda ni mawe ya kufulia. Akasema pia kwamba ushahidi wa ukoo mmoja hautoshi. Wewe ulikasirika. Lakini alikuwa sahihi: habari yenye chanzo kimoja hata mimi siisomi redioni.

Chanzo cha pili nimekipata Handsworth, msibani.

Alifariki mzee Athumani, Mngindo mwenzetu, aliyekuwa na duka la vitambaa Soho Road. Tulipokuwa tumekaa matanga nyumbani kwake, akaingia Bi Tekla. Huyu ni mkunga, Mngoni wa Songea, na huku hakuna msiba wa Wangindo anaoukosa. Kwanza alificha viatu vyetu vyote vilivyokuwa mlangoni, akadai faini. Kisha akalala pale marehemu alipokuwa akipenda kukaa, akaagiza chai kwa sauti ya marehemu. Mjane alicheka mpaka akashika ubavu, naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu mazishi. Mjukuu wa marehemu, mzaliwa wa hapa, aliniuliza kwa Kiingereza kama yule mama amelewa. Nikamwambia hapana, ni mtani, yuko kazini.

Zamu yangu ikafika. Bi Tekla alinitazama akasema, "Salumu, wewe ulifika Uingereza kwa sababu rubani hakuwa Mngindo. Angeruka upandeupande."

Watu wakacheka. Akainuka, akaanza kutambaa kama kaa toka kwenye kochi kwenda mlango wa jikoni.

"Mngindo haendi mbele," akasema. "Anaingia mtoni, akifika katikati anageuka kuukwea mto kama aliyesahau ndala zake nyuma, ndipo anaibukia kwenye jabali lenye tundu. Babu zetu walikwenda moja kwa moja kama watu wenye akili, maji yakawabeba."

Dada, jabali lenye tundu unalijua, lile la ng'ambo ya Likwaya. Ulinikalisha juu yake. Bi Tekla hajawahi kufika kwetu, na mimi sikuwahi kumtajia Likwaya. Nikamuuliza tu aliyemwambia kwamba Mngindo anageuka ni nani. Akasema ni bibi yake, aliyekuwa akiuza pombe Songea. Kila Mngindo akipita alimtania hivyo, naye bibi maneno hayo aliyapata kwa babu yake.

Sisi tulihifadhi habari ya kuingia mtoni. Waliozama ndio waliohifadhi tulikoibukia.

Sikumweleza kitu. Nilimpigia Bwana Mchopa, nikampa Bi Tekla simu, mimi nikatoka nje nikasimama barabarani mabasi yakinipita, ili kesho mtu asiseme nilimnong'oneza. Baadaye Bwana Mchopa alinisimulia kwamba alimuuliza kama ni mimi niliyemfundisha maneno yale. Akajibiwa, "Mwanangu, Mngindo gani atanifundisha kumtukana?"

Ndipo jana Bwana Mchopa akashuka mtoni na mwenyekiti wa kijiji, wakiwa na upondo mrefu, baada ya wavuvi kuhakikisha hakuna mamba. Mjomba Hemedi alitangulia kuwaonyesha njia. Amekulia kwenye mto ule, akasema maneno ya Wangoni hayamwongozi, akanyoosha moja kwa moja. Alizama mpaka kifuani, kofia ikaenda na maji. Bwana Mchopa akageuka kuukwea mto, akichokoa kwa upondo. Jiwe. Akapiga hatua. Jiwe jingine, chini ya mchanga. Akaibukia kwenye jabali suruali ikiwa imelowa magotini tu.

Miaka yote tumekuwa tukiyatafuta mbele yetu, nayo yalikuwa ubavuni.

Nisalimie shemeji, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa akikuandikia barua za wilayani. Mjomba Hemedi msalimie pia, na kofia nitamtumia nyingine. Bi Tekla anadai faini yake, kuku mweupe, na anataka achinjwe na aliwe palepale ukingoni na wote watakaokuwapo. Usibishane naye, anastahili.

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, Likwaya. Bwana Mchopa atasimika alama za mpaka kuzunguka makaburi na kivuko, kisha watu watavuka. Nimemwomba wewe utangulie, amekubali. Zaituni akupandishe gari Ijumaa. Daktari amesema maji yasiingie jichoni, kwa hiyo fuata mawe. Bi Tekla atakuwa anatazama kwenye simu ya Zaituni kuhakikisha kwamba unageuka.

Ni mimi mdogo wako,
Salumu