Mshale Uliosema Hewa Nyingi

Shemeji Shija,

Kosa wanalofanya wengi wanapofunga kipimo cha hewa na mafuta ni kuiamini geji kabla ya kukagua bomba la moshi. Jambo hilo nimelifundisha chuoni miaka mingi. Nimelichora ubaoni, nimelitungia maswali ya mtihani. Halafu kwenye gari lako nikalifanya mimi mwenyewe, na wewe umekufa.

Nimeanza hapo kwa sababu ningeanza kwa salamu ningepata njia ya kukwepa.

Unakumbuka siku uliyoniletea pikapu hapa Kambarage. Ulikuwa umerefusha chesi, umeongeza springi za nyuma, umeweka injini ya petroli kubwa kuliko yake na kabureta ya gari jingine, ili ibebe mawe ya dhahabu kutoka kwenye mashimo mpaka kwenye karasha yanakosagwa. Nguvu ilikuwa nayo, lakini ulishaunguza pistoni mara mbili mlimani. Nikakueleza kwamba petroli sehemu moja hutaka hewa sehemu kumi na nne na ushee, na kwamba hewa ikizidi gari likiwa na mzigo, joto hupanda na pistoni huyeyuka. Kwa hiyo tungeweka sensa kwenye bomba la moshi, inuse kilichobaki baada ya kuungua, na geji kwenye dashibodi ikuonyeshe.

Ukaniambia, "Mwalimu, nimekuja kufungiwa geji, sikuja kurudishwa darasa la tatu. Na iwe bure, ng'ombe wangu wa mahari mmeshawala." Nikakujibu kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa mbavu tupu, hata fisi wa Ushirombo waliwapisha njia. Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia dada yangu akicheka tena.

Kazi niliifanya vizuri, Shija, na hilo ndilo linaloniuma. Nilichagua mahali karibu na injini, kabla ya sailensa. Nilichomelea nati kwa upande wa juu wa bomba, ikiwa imeinama kidogo, ili maji ya mvuke yasituame kwenye sensa na kuipasua. Nyaya nilizipitisha mbali na joto. Waya wa chini niliufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Geji ikawaka, ukaipigia makofi kama mtoto.

Lakini injini ilipokuwa bado baridi nilisikia kitu. Pale bomba linapoungana na injini, chini kabisa, kulikuwa na sauti ndogo, tsi, tsi, tsi. Gasketi ya zamani, ile ya kuziba maungio, ilikuwa inavujisha. Kuibadilisha kungechukua siku nzima, kwa sababu bolti zilikuwa zimeota kutu na moja ingekatika. Wewe ulikuwa na mawe yanakungoja Geita. Nikajisemea kwamba chuma kikipata moto kitatanuka na kujiziba. Sikukwambia.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana hukupata nafasi ya kujua. Watu hudhani bomba lenye tundu hutoa moshi tu. Injini ikinguruma polepole, moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje. Sensa huinusa hewa hiyo na haina namna ya kujua imeingilia wapi. Inasema tu: hewa nyingi. Ukanipigia simu kutoka Kalangalala, huko Geita: "Mwalimu, gari likisimama mshale unasema hewa nyingi." Nami nikakaa kwenye kiti changu, mbali na gari, nikakuambia fungua skrubu ya kabureta nusu mzunguko, ongeza mafuta. Siku ya pili ukapiga tena. Nikasema ongeza nusu nyingine. Ukasema, "Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye msomi."

Mafuta yakizidi hewa, yanaungua nusunusu, na moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo ilitoka pale pale kwenye tundu, chini ya miguu yako, ikapanda ndani kwa uwazi wa gia, ambako mpira ulikuwa umechanika. Mlikuwa kwenye foleni ya karasha. Mvua ilikuwa kubwa, ukafunga vioo. Stata yako ilikuwa mbovu, na nani angesukuma pikapu iliyojaa mawe kwenye tope lile? Ukaiacha injini inanguruma, kama mnavyofanya nyote huko. Mama Neema, yule mama lishe wa pale, alikupitishia sahani ya wali na maharage dirishani. Ukafunga tena kioo, ukala, ukaegemea usukani. Foleni iliposogea, gari lako halikusogea.

Waliokutoa waliona midomo na kucha zako zimekuwa nyekundu. Wakasema ni sumu. Kaka yako Maganga akauliza nani alikupa chakula, na jioni hiyo hiyo kibanda cha Mama Neema kilikuwa kimevunjwa, masufuria yake yamekanyagwa kwenye tope. Alikimbia na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeuliza zaidi, na hakuna daktari aliyekupima.

Mimi nilijua kabla hatujakuzika. Nilipokusogeza mkono ndani ya jeneza niliziona zile kucha, na nikakumbuka ukurasa wa kitabu ninachofundishia, unaosema kwamba gesi ile huiacha damu nyekundu. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, nililala chini ya pikapu yako kwenye ua wa Maganga. Masizi meusi yalikuwa yametanda pale kwenye gasketi kama mtu aliyepaka mkaa kwa kidole. Nikatoka, nikanawa, nikaketi na wazee. Wakasema sumu. Nikanywa chai.

Siku arobaini nimenyamaza. Nilijiambia kwamba Kabula hataweza kubeba mambo mawili, kufiwa na mume na kujua kwamba ni mkono wa kaka yake. Uongo. Aliyeshindwa kubeba ni mimi. Wakati nimenyamaza, Mama Neema alikwenda kupika kwenye karasha nyingine, wakamtambua, wakamfukuza kwa mawe. Nasikia mtoto alipigwa jiwe la bega. Hilo nalo ni langu.

Juzi Maganga alimleta mganga, akaiosha pikapu kwa dawa, ndani na nje. Sasa wanasema ni safi, na leo baada ya arobaini Maganga anaipeleka Geita. Skrubu iko pale ulipoiacha. Gasketi ni ile ile. Na mawingu yameshafunga upande wa ziwa.

Ndiyo maana nimekuandikia. Barua hii nitaisoma kwa sauti juu ya kaburi lako asubuhi hii, Maganga akiwa kulia kwangu na Kabula kushoto. Kama watanipiga, watanipiga. Kama Kabula hataniita tena kaka, nitalikubali hilo. Baada ya hapo nitamtafuta Mama Neema popote alipo, nitasimama naye mbele ya karasha ile, na nitasema mbele ya watu wote kwamba chakula chake kilikuwa chakula tu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Msamaha siombi, maana huwezi kunijibu, na sitaki kujijibu mwenyewe kwa niaba yako.

Lala, shemeji. Kwaheri.

Na wewe Maganga, unayenisikia: usiliwashe gari hilo leo. Nipe ufunguo.