Natoka ku Zanzibar, ku Mlima

Berea, Johannesburg
14 Novemba 2016

Kwa mdogo wangu Pandu,

Salamu katika Bwana. Miye niko mzima, Orpha mzima, Falonne mzima na kelele zake. Nanyi ku Rosettenville mko je? Goti lako? Mke wako amezoea nyumba mpya?

Bon. Nimekupigia simu wiki nzima. Umenifungia simu, umenifungia WhatsApp, na jana kijana wetu Exaucé alikuona kwenye robot, zile taa za barabarani, ukavuka na nyekundu ili usimsalimie. Gari likuue kwa ajili ya kombe tu? Njo maana naandika kwa mkono kama watu wa zamani. Orpha anasuka nywele ku saluni iliyo karibu na kwenu, atakuletea.

Pandu, nani alikuja hapa kwangu kulialia? Si wewe? "Firmin, Kombe la Visiwa la Joburg linaanza, na Wazanzibari mji mzima tuko saba tu, niazime wanaume." Nikakupa vijana wa kwetu Idjwi. Nikashona jezi mwenyewe, nikaandika ZANZIBAR mgongoni. Tukawafunga Shelisheli, tukawafunga Morisi, tukawafunga Komori ku finali. Vijana wangu walikaa kimya mechi zote kama mabubu, vile ulivyoomba. Kisha mwenyekiti Bakiri anakuja na kombe mkononi, anamuuliza Exaucé kwa upole tu: "Kijana, wewe wa wapi Zanzibar?" Naye, maskini, anajibu: "Miye? Natoka ku Zanzibar, ku mlima."

Najua. Zanzibar hakuna mlima. Sasa najua! Lakini ulimfundisha? Ulimfundisha kunyamaza tu. Kombe wamepewa Komori, basi, tulidanganya, ni haki yao. Ila kunikatia undugu kwa sababu ya mlima?

Na sasa sikia. Mwaka ujao hatutaki kuazimwa tena. Idjwi ni kisiwa, tutaingia kwa jina letu. Falonne analala na jezi ya Zanzibar, na mwalimu akimuuliza kwao ni wapi, anasema Zanzibar. Mtoto wangu miye! Wewe njo katibu wa kombe, tuandikishe.

Yaya wako,
Firmin

*

Rosettenville
2 Desemba 2016

Bwana Firmin,

Waalaikum salaam, na salamu kwa wote hapo. Huku hatujambo, alhamdulillahi, goti tu haliniachi. Shemeji Orpha kanikabidhi barua yako mbele ya wateja wake, wote wakanitolea macho.

Kwanza kabisa, yakhe, usinitilie saini ya "yaya". Huko kwenu Kongo yaya ni kaka mkubwa, najua. Kwetu yaya ni mwanamke anayelipwa kulea watoto. Mke wangu kaisoma barua, kaniuliza yaya gani huyo niliyemwajiri, na mtoto mwenyewe hatunaye.

Pili, hujui nilivyoaibika. Nikiingia dukani kwa Bakiri, kule Kensington, kununua mchele, naulizwa: "Vipi, mlimani baridi imeanza?" Mpaka msikitini! Mtu anamaliza kusali, anatoa salamu kulia, anatoa salamu kushoto, ananigeukia mie: "Mlima hujambo?" Mie, Mpemba wa Wete, leo hii naitwa Mzee wa Mlima. Na aliyeniponza ni kijana wako.

Tatu, Idjwi. Firmin, hebu niache nipumue. Idjwi iko ndani ya ziwa! Na ziwa lenyewe liko katikati ya bara! Hili kombe la watu wa bahari. Nikiingiza Idjwi leo, kesho atakuja mtu wa Ukerewe, keshokutwa atakuja mwenye nyumba iliyozingirwa na mafuriko. Haiwezekani hata kidogo. Kamati imekutana, na kanuni nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu: timu iwe ya kisiwa ambacho ni taifa. Taifa, Firmin. Nadhani limeeleweka.

Pandu Faki,
Katibu, Kombe la Visiwa

*

Berea
28 Julai 2017

Kwa Bwana Katibu,

Unaona nimetii, sikuandika mdogo wangu. Sisi wazima. Goti sikuulizi.

Mwezi wa tatu nilisikia ku redio kwamba Zanzibar imekubaliwa ku shirikisho la mpira la Afrika, imekubaliwa yenyewe kama nchi. Mungu ni shahidi, nilifurahi. Niliimba juu ya cherehani, Orpha akaniuliza nimelipwa na nani. Nikasema, sasa moyo wa Pandu utapoa. Wiki iliyopita nasikia wamewatoa, eti nyinyi si nchi. Nikahuzunika, mjinga miye, mpaka nikashona shati la mteja mikono nyuma mbele. Halafu kanuni yako ikanirudia kichwani. Taifa! Mtu ameambiwa yeye si nchi, roho imemuuma, naye anageuka kumwambia mwenzake vilevile. Eish, Pandu.

Miaka yote ile tumelala chumba kimoja hapa Berea. Ulipofika na begi lako nilikwambia pinda kulia ku robot, ukasimama barabarani unatafuta mtu wa chuma. Nani alikuja kukuchukua? Na sikukudai kitu. Nilikuomba jina tu. Hapa ku flati wananiita Congo. Wateja wananiita my friend. Uwanjani niliitwa Zanzibar. Nilitaka siku moja, moja tu, watu wapige kelele "Idjwi!" na Falonne awe amesimama pale, asikie. Ni kitu kikubwa hicho? Umeninyima.

Sitaandika tena.

Firmin

*

Rosettenville
9 Septemba 2018

Kaka Firmin,

Salamu nyingi. Hamjambo? Nauliza kwa dhati, maana zaidi ya mwaka sasa namuuliza Shemeji Orpha dirishani pa saluni, naye hunijibu "wazima" bila kugeuza shingo.

Nina habari, na najua utacheka. Cheka kwanza umalize, halafu uendelee kusoma. Jana kamati imekutana. Alexis, mjumbe wa Morisi, kaitoa ile kanuni yangu mfukoni, kaisoma taratibu kama anasoma wosia: "Kisiwa ambacho ni taifa." Kavua miwani. "Bwana Katibu, Zanzibar ni taifa?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza Mapinduzi, nikaeleza Muungano, nikaeleza kwamba rais tunaye, bendera tunayo, wimbo tunao. Kila nikieleza nazidi kuzama. Mwisho Bakiri akasema, "Pandu, mwandiko si wako huu?" Wakapiga kura. Zanzibar nje! Kwa mwandiko wangu mwenyewe, yakhe!

Nilitoka nikasimama pale kwenye robot, taa zinabadilika, sivuki. Nilimkasirikia Alexis, nikamkasirikia Bakiri, nikamkasirikia Exaucé na mlima wake. Nilipowamaliza wote nikabaki mie. Barua yako ya mwisho ninayo, nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka ujue.

Nikarudi ndani, nikawaambia neno "taifa" lifutwe. Kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji, na maji ni maji, ya bahari, ya ziwa, hata ya bafuni. Tumebishana mpaka chai ikapoa, wakakubali. Lakini nafasi iliyobaki ni moja tu, na Zanzibar bado hatutimii timu. Nimeiandika Idjwi.

Nasikia hamna golikipa. Goti langu bovu, mikono mizima. Bakiri karuhusu kila timu iwe na mgeni mmoja, kwa sharti kwamba kabla ya mechi mgeni ataulizwa mbele ya watu timu hii ni ya wapi, na yeye ajibu. Sharti hilo limewekwa kwa kunikomoa mie tu. Hakuna taabu, nimeshajiandaa. Nitasema: "Miye? Natoka ku Idjwi, ku bahari."

Mkinitaka, nijulishe.

Mdogo wako,
Pandu

*

Berea
16 Septemba 2018

Pandu,

Wazima wote. Goti ulipake dawa, usije kutuangukia golini.

Ziwa! Ku ziwa! Idjwi hakuna bahari, mtu wa Mungu! Mwaka mzima hatuongei, na hilo njo neno unaniletea? Unataka tunyang'anywe kombe kabla hatujaligusa? Nimesoma mstari ule nikapiga meza, sindano zote zikamwagika chini, mpaka sasa Orpha anatembea na viatu ndani ya nyumba.

Nilicheka, ndiyo. Nilicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Kisha nilipofika pale ulipoandika "nimeiandika Idjwi", kicheko kilikwisha, nikakaa. Sijui kama nimekusamehe. Usifikiri ni rahisi hivyo. Lakini jezi namba moja nimeishona, pana, maana Orpha anasema umenenepa. Mgongoni nimeandika IDJWI, herufi kubwa.

Falonne ameikalia tangu asubuhi. Anapitisha kidole ku herufi, ananiuliza kwa Kiingereza hiki ni kitu gani. Nikafungua kinywa nimweleze, na maneno yakagoma. Miye niliyezaliwa kule! Nikamwambia, Jumapili ijayo, siku ya mechi, tonton Pandu, baba yako mdogo, ataulizwa mbele ya watu wote, atasema. Basi ameniamini, anangojea wewe umwambie kwao ni wapi.

Kwa hiyo jifunze, mdogo wangu. Ziwa Kivu. Kuna mananasi, kuna kahawa, na mlima upo, mlima wa kweli, huo utaje bila woga. Bakiri akikuuliza, usifanye mchezo. Sema ku ziwa, na useme kwa sauti, mtoto atakuwa amesimama nyuma ya goli.

Yaya wako,
Firmin