Sufuria Mbili kwenye Sherehe ya Wifi Yangu

Mpendwa Bi Mwanakhamis,

Naomba unisaidie mawazo maana yangu yameniishia, na nimeona afadhali nikuandikie wewe kuliko kumwambia mtu wa kanisani kwetu, kwa sababu sisi Wakenya wa Birmingham ukimwambia mmoja umewaambia wote. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Northfield, nina mume anaitwa Arnold na watoto wawili, na nina mdogo wangu wa kiume, Shem, anayekaa na mke wake Jelagat na watoto wao kule Longbridge, si mbali na kwetu.

Shem alikuwa mlevi. Nalitumia neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe hulitumia kwenye kikundi anachohudhuria kila Jumanne, pamoja na wenzake wanaojaribu kuachana na pombe. Alipokuwa anakunywa alifukuzwa kazi kwenye ghala la vipuri, akanyang'anywa leseni ya kuendesha gari, akalala kwenye kochi langu hata mto ukashika harufu yake, na Jelagat akachukua watoto akaenda kukaa kwa rafiki yake Coventry. Jelagat alirudi Shem alipoacha pombe, lakini alirudi na masharti, na aliyasema sebuleni kwangu sote tukisikia. Alisema, "La kwanza, hata tone lisipite mdomoni mwako. La pili, likipita, uniambie wewe mwenyewe. Nikilisikia kwa mtu mwingine sitakuuliza mara ya pili." Tangu siku hiyo ikapita zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na Shem hakugusa kitu, akapata kazi nyingine, na watoto wake wakaanza tena kumkimbilia mlangoni.

Sasa mwezi uliopita Jelagat amemaliza masomo ya uuguzi, amesoma huku akifanya shifti za usiku, na tukasema lazima tumshukuru Mungu, na kwa kuwa nyumba yangu ina nafasi kidogo, sherehe ikawa kwangu. Mimi najulikana kwa kinywaji kimoja cha msimu huu majani yanapopukutika, watu huku wanakiita panchi. Nakata matofaa, mapeasi na plamu, naongeza machungwa na maganda yake, mdalasini, karafuu, tangawizi na asali, namimina divai nyekundu, halafu napasha moto mdogo bila kuchemsha mpaka nyumba nzima inukie. Matofaa nilipewa na jirani yangu Kamlesh, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye mti wake mwaka huu ulizaa mpaka ukuta wetu ukajaa.

Nisidhaniwe sikufikiri. Niliweka sufuria mbili. Moja ya divai nikaiacha jikoni, nyingine ya juisi ya zabibu na ya tofaa, yenye matunda yale yale na viungo vile vile, nikaiweka meza ya sebuleni ili Shem na Kamlesh na wengine wasiokunywa wasijione wametengwa. Watoto walikuwa na soda zao, karafuu hawazipendi. Na Shem mwenyewe ndiye aliyekuja asubuhi kunisaidia kukata matunda, na nilipofungua chupa nikamtazama, akacheka kidogo akasema, "Dada, wape watu wafurahi. Mimi nina sufuria yangu."

Watu wakaja wengi kuliko tulivyotazamia, sufuria ya juisi ikapungua, na mume wangu Arnold, bila kuniuliza, akabeba kata akachota ile ya jikoni akajazia ya sebuleni. Mimi nilikuwa nagawa chapati na sikuona. Ndipo Jelagat akasimama kuzungumza, na Bi Mwanakhamis, sijawahi kumsikia akizungumza vile. Alisema watu wanamsifu yeye kwa cheti lakini kuna mwanamume aliyekuwa akiwapikia watoto na kuwalaza wakati yeye yuko darasani, kisha akasema, "Mume wangu alikuwa amepotea, akarudi. Naomba tumnyanyulie vikombe." Tukanyanyua wote. Shem naye alikuwa na kikombe, amekichota sasa hivi, akakinywa chote watu wakipiga makofi.

Baada ya hapo Kamlesh akanifuata jikoni, amefunika kikombe chake kwa kiganja, akaniambia pole pole, "Dada, hii ya sebuleni iko na wine."

Nilionja. Nikaibeba ile sufuria mbele ya watu nikasema imepoa, nikaimwaga yote kwenye sinki, matunda na vyote. Halafu nikamtafuta Shem, nikamkuta mlango wa nyuma amesimama kwenye majani yaliyolowa, bila koti. Nikamwambia, "Shem, nisamehe, sijui imekuwaje." Akasema alijua tangu ilipogusa ulimi. Nikamuuliza mbona hukuweka chini. Akasema, "Kila mtu alikuwa ananitazama, dada." Kisha akaongeza, "Halafu nikarudi kuchota tena. Na wakati huo hakuna aliyekuwa ananitazama."

Tangu siku hiyo kikundi hajaenda. Amekuja kwangu kutoka kazini mdomo umejaa harufu ya peremende, akakiri kwamba amenunua makopo ya pombe, si mara moja, na hunywa kwenye kituo cha basi kabla ya kufika nyumbani. Ananisihi nisimwambie Jelagat, anasema, "Mwache aanze kazi yake kwa amani, mimi nitaacha tena polepole." Arnold nilipomuuliza alisema kitu kikishapata moto pombe imeshatoka, na kwamba nisimwingize kwenye mambo ya ukoo wangu, na najua anaogopa kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na hataki isemwe kwamba ni mkono wake. Jelagat naye alinipigia akaniuliza, "Wifi, kuna kitu Shem ananificha?" nami nikamjibu amechoka tu na kazi, nikakata simu nikalia.

Na juzi amenipigia tena. Anataka kuwaita wauguzi wenzake wapya nyumbani kwake Jumamosi, na ameniomba nimtengenezee kile kinywaji. Amesema, "Ile ya sebuleni, ya matunda. Shem aliipenda sana, nilimwona akirudi kuchota."

Bi Mwanakhamis, nikisema nitavunja nyumba ya ndugu yangu, nikinyamaza itavunjika mbele yangu nikiwa nimeshika kata. Nifanye nini?

Dada mtu, Northfield

*

Dada yangu,

Barua yako haikuweza kungoja zamu yake, ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile niliyoisoma. Sasa naweka hapa kwenye safu hii niliyokuambia, na yaliyofuata, kwa ruhusa yako na ya nduguyo, majina yakiwa yamebadilishwa, kwa sababu najua wako wengine wenye sufuria kama zako.

Kwanza pole. Ulimfikiria nduguyo kabla ya wageni kufika, na si wengi wanaofanya hivyo. Kwangu mimi divai haiingii mlangoni, lakini sikukupigia kukuhutubia dini. Nilikupigia kukuambia kwamba ulikosea mahali, nawe unapajua. Ulipika vitu viwili visivyopaswa kukutana, ukavifanya viwe na rangi moja, harufu moja na matunda mamoja, kisha ukamwachia kata mtu ambaye hukumweleza kitu. Ukitaka mtu asijione ametengwa, usimpe kinywaji kinachofanana na kile kinachomuua. Wape wote cha kwake.

Na Arnold asikudanganye kwa habari ya moto. Divai iliyopashwa kwa moto mdogo inabaki kuwa divai. Hata ikichemka kidogo haitoki yote. Anayeacha pombe hapimiwi kiasi.

Lakini kosa kubwa si lile la sufuria. Lile lilikuwa bahati mbaya na haraka ya mwanamume anayetaka kuonekana anasaidia. Kosa kubwa ni lile neno "amechoka tu." Mke alikuuliza waziwazi, nawe ukampa uongo, na tangu hapo ukawa mlinzi wa mlango ambao nduguyo anapitishia makopo. Ulidhani unamfichia aibu. Ulikuwa unamfichia pombe.

Nilikuambia usome tena masharti ya wifi yako. Ni mawili. La kwanza limeshavunjika, na hakuna wa kulirudisha. La pili lilikuwa bado zima siku uliyoniandikia: aseme mwenyewe. Ungelisema wewe, ungemvunjia na hilo, hata kama ungesema kwa nia njema. Na ungeendelea kunyamaza, Jelagat angelisikia kwenye kituo cha basi kwa mtu baki. Kwa hiyo kazi yako haikuwa kusema wala kunyamaza. Ilikuwa kumwambia Shem maneno haya: sitakwenda kwa mkeo, lakini akiniuliza tena sitamdanganya, na ataniuliza.

Ulimwambia. Alikukasirikia, akakuita msaliti, akaondoka bila kunywa chai. Ulinipigia ukisema umeshampoteza, nikakujibu usimfuate.

Kwa Arnold nilikuomba unipe simu nizungumze naye mwenyewe. Hakufurahi. Aliniambia, "Mama, mimi sikumshikia kikombe." Nikamwambia, "Kweli, hukumshikia. Ulimjazia. Kamwambie shemeji yako hivyo, asiendelee kudhani kwamba yote yalianza na yeye." Kesho yake alikwenda Longbridge akamngoja Shem kwenye kituo kile cha basi. Sikuambiwa walichozungumza, na sihitaji kuambiwa. Ninachojua ni kwamba hapakununuliwa kopo siku hiyo, na kwamba walikwenda wote wawili kwenye maegesho ya magari ya hospitali kumngoja Jelagat atoke kazini.

Shem alisema mwenyewe. Alisema kikombe cha kwanza hakikuwa chake na cha pili kilikuwa chake, na makopo yote yalikuwa yake. Arnold akasema la kwake. Jelagat hakupiga kelele. Aliwauliza jambo moja tu, kama wewe ulikuwa unajua, na wakamwambia ndiyo.

Kwa hiyo ulipompigia hakupokea, na Jumamosi yake akaifuta. Alimhamishia Shem kwenu, kwenye lile kochi, na watoto wakaambiwa baba anamsaidia shangazi kupaka rangi. Najua uliumia. Ulitaka ukweli uwe na malipo ya papo hapo. Hauna. Ulistahili kukasirikiwa vile, na ulifanya vyema kutojitetea.

Kisha ikafika Jumanne. Umeniandikia kwamba jioni, Shem akiwa amekaa amejikunyata akisema hawezi kurudi kwenye kikundi kuhesabiwa siku zake bila pombe upya kutoka mwanzo, gari lilisimama nje na Jelagat akaingia bila kubisha, bado amevaa sare yake. Alimwambia mumewe, "Sijakusamehe. Ingia garini." Shem akavaa viatu.

Hapo ndipo mlipo leo, na hapo ndipo ushauri wangu unapobaki na kazi.

Shem aende kwa daktari wake na aseme kiasi halisi alichokuwa akinywa, bila kupunguza. Mtu aliyerudia kunywa kila siku asijaribu kukata ghafla peke yake kwa ujasiri, mwili unaweza kumgeuka. Kikundi kiendelee hata siku atakazoona aibu, na hasa siku hizo. Arnold asiligeuze kosa lake kuwa ushuhuda wa kanisani. Ameshasema kwa waliostahili kuambiwa, na hao wanatosha.

Kinywaji chako usikiache, matofaa ya Kamlesh hayana hatia. Lakini nyumbani kwako, maadamu Shem anaingia humo, sufuria iwe moja na isiwe na divai, na mgeni atakayeuliza mbona mwaka huu haina nguvu, mjibu kwamba ndivyo mnavyoipika sasa.

Kuhusu Jelagat, usimharakishe. Usimtumie salamu ndefu kwenye simu, wala aya za Biblia, wala usimtume mtu wa kuwapatanisha. Ulimdanganya mara moja, na atakupima kwa muda atakaoupanga yeye. Mwombe radhi kwa sentensi moja, kwa lile neno tu, kisha umwachie.

Ila kuna jambo moja analolihitaji na hataliomba. Jumanne jioni yeye ndiye anayeendesha gari, na watoto hawana wa kuwaangalia. Nenda wewe. Wape chakula, wamalize kazi ya shule, waoge, walale. Wazazi wao wakirudi usiulize kilichosemwa huko, na usichunguze nyuso zao kuona kama mmeanza kupona. Wafungulie mlango, chukua koti lako, urudi kwako. Jumanne inayofuata uende tena.

Bi Mwanakhamis