Grili Iliyokutwa na Joto

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba namba 3, Alhamisi tarehe 10 Aprili, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoonyesha. Mtaani naitwa Fundi Saa.
Umri: miaka 63.
Kazi: kutengeneza saa za mkononi na za ukutani.
Makazi: jengo lililo nyuma ya duka la vioo, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.
Hali ya ndoa: nimefiwa na mke.

Koplo amenieleza kwamba niseme ninayoyajua, si ninayoyadhani. Nitajaribu, ila katika jambo hili mawili hayo yamenichanganyikia.

Mke wangu alifariki tarehe 19 Januari, katika hospitali ileile aliyofanyia kazi kwenye chumba cha kufulia kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amelazwa wiki sita. Nilikabidhiwa vitu vyake kwenye mfuko: kitenge, miwani, kandambili na saa yake ya mkononi. Saa ilikuwa bado inakwenda. Ufunguo wake wa nyumba haukuwemo. Nilidhani umepotea wodini, na siku ile sikuwa na moyo wa kuulizia ufunguo.

Binti yetu alikaa nami hadi Jumapili tarehe 2 Machi, akarudi kwake. Alitaka niende naye. Alisema, "Baba, wewe hata yai hujui kulikaanga." Ilikuwa kweli. Nilimjibu kwamba nina saa za watu mezani.

Koplo ameniomba nieleze grili, kwa sababu imetajwa mara nyingi kwenye jalada. Ni kifaa cha umeme cha kuweka juu ya meza. Kina mabamba mawili ya chuma yenye mifereji. Unaweka chakula katikati unafunga kama kitabu, kinaiva juu na chini kwa mara moja, na mafuta yanachuruzika kwenye kisahani cha mbele. Kina taa mbili. Ya kijani ikiwaka, kimeshapata moto. Mke wangu alipewa na wenzake alipotimiza miaka ishirini kazini. Tangu hapo jiko letu la zamani lilibaki la kuchemshia chai tu. Kuku, samaki, bilinganya, mayai, mkate wa jana, vyote vilipita humo. Alikiita Mamba, kwa jinsi kinavyofungua mdomo. Akikifunga alikuwa akigonga kifuniko kwa kidole, polepole, akihesabu. Akimaliza alikifuta kwa kitambaa kibichi kingali na joto, kisha akaweka karatasi katikati ya mabamba ndipo akafunga. Sijui karatasi ilikuwa ya nini. Sikuwahi kumuuliza.

Mnamo Jumanne tarehe 4 Machi nilifunga kibanda changu na kufika nyumbani saa nane kamili mchana. Hufika saa nane kamili kila siku. Majirani hunicheka kwa hilo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama nilivyouacha. Nilipoingia nilisikia harufu ya kitunguu. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya kuku na bilinganya, vyenye alama za mistari ya grili. Niliweka mkono juu ya Mamba. Alikuwa na joto. Nilimfungua, nikakuta karatasi katikati.

Nilikaa kwenye kiti. Nilihesabu tangu Januari, nikahesabu tena, nikaona hesabu ni ileile. Niliangalia chumbani na nyuma ya pazia, hapakuwa na mtu.

Kisha nilikula. Najua si jambo la kumweleza polisi, lakini koplo amesema nisiruke kitu.

Ijumaa tarehe 7 Machi ilitokea tena, safari hii samaki na nyanya. Jioni nilimpigia simu binti yangu nikamuuliza kama alipita nyumbani. Akasema, "Baba, umeanza lini kuuliza maswali hayo?" Nikabadilisha mazungumzo. Niliogopa nikiendelea atakuja na gari la kuhamisha vitu.

Wiki iliyofuata mambo yalinichanganya zaidi. Jumanne tarehe 11 Machi nilimkuta Mamba amefungwa, waya umechomolewa, na kuku yumo ndani. Nje alikuwa ameshika rangi, lakini nilipomkata katikati, pale penye unene kama alivyokuwa akifanya marehemu, ndani alikuwa bado wa waridi. Niliwaza kwamba huyu anayekuja, awe nani, leo amekuwa mvivu. Nilichomeka waya, nikangoja taa ya kijani, nikaweka saa mbele yangu. Dakika sita. Nikakata tena, nikaongeza mbili. Hicho ndicho chakula cha kwanza nilichokiivisha mwenyewe maishani, na wakati ule sikuona kama ni kupika. Niliona ni kumalizia uzembe wa mtu.

Ijumaa ya wiki ile ilikuwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata, tarehe 18 na 21, Mamba alikuwa baridi kabisa. Nyama ilikuwa kwenye friji imeshatiwa viungo, lakini bilinganya lilikuwa zima, na kisu kimelazwa pembeni yake. Nililikata mimi. Vipande vilitoka vingine vinene kama soli ya kiatu, vingine nikiviinua naona dirisha upande wa pili. Wiki ya baada ya hapo, tarehe 25 na 28, nyama ilikuwa haina hata chumvi. Nilitia, ikazidi.

Mke wangu alikuwa mtu wa kurahisisha kazi za wengine, kwa hiyo sikuweza kuelewa kwa nini, kama ni yeye, anaiongeza yangu. Naomba hili liandikwe kama lilivyo, kwamba kuna siku niliwaza ni yeye.

Lakini mimi ni fundi. Jumanne tarehe 1 Aprili, kabla ya kutoka, niliweka springi ndogo ya saa juu ya bawaba ya mlango, mahali ambapo asiyejua haoni. Niliporudi niliikuta sakafuni. Marehemu hahitaji kufungua mlango. Nikajua ni mtu mwenye mwili. Ndani ya friji nilikuta samaki mmoja, hajapaliwa magamba.

Koplo ameniuliza kwa nini sikutoa taarifa siku ile. Jibu langu ni kwamba angekamatwa, na kungekuwa kimya tena jikoni.

Naongeza kwamba kufikia hapo nilikuwa nimeshaanza kununua bilinganya mwenyewe siku za Jumatano, na kupika hata siku ambazo hapakuwa na kitu.

Mnamo Jumanne tarehe 8 Aprili, saa saba na dakika arobaini na mbili mchana, nilipigiwa simu na jirani yangu wa mlango wa kulia, mshona mapazia. Alisema wamemkamata mwizi akitoka kwangu. Nilifunga kibanda nikiwa na saa ya mteja mkononi, nikafika saa nane kasoro dakika tano. Ndiyo mara pekee tangu msiba uishe ambayo sikufika saa nane kamili.

Kwenye ngazi alikuwa amekaa mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, ana makovu ya kuungua mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Wanaume wawili wa ghorofa ya chini walikuwa wamemsimamia. Aliponiona alisimama, akasema, "Shikamoo, mzee."

Nikamjibu, "Marahaba."

Mshona mapazia akasema, "Jamani, anamwitikia mwizi wake." Watu walicheka.

Binti yangu alikuwa ameshapigiwa simu pia, naye alifika na askari wawili. Mfuko wa yule mtu ulipomwagwa, mlitoka chombo kitupu cha plastiki, kitambaa kibichi, brashi ya kupakia mafuta, na daftari lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki. Juu ya jalada palikuwa pameandikwa neno moja, MAMBA. Binti yangu aliutambua mwandiko wa mama yake. Alilishika lile daftari kwa mikono miwili, akaniuliza, "Baba, unamjua huyu?"

Nikasema, "Simjui."

Nilisema kweli, na ndiyo kweli iliyompeleka mahabusu. Yule mtu aliniunga mkono, akasema, "Ni kweli, hanijui." Alipoulizwa ameingiaje wakati hana ufunguo na mlango haukuvunjwa, hakujibu. Alipoulizwa daftari amelipata wapi, alisema aulizwe mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi, na nilikuwa sijui lolote.

Binti yangu alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama alikuwa na nini na huyu?" Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini nisidanganye, nami swali hilo lilikuwa limeshanipita kichwani, na nililala nalo.

Jioni ile nilipoingia jikoni sikukuta chakula, wala samaki, wala kitunguu. Juu ya Mamba palikuwa na ufunguo wenye uzi mwekundu. Ni ufunguo wa mke wangu; uzi ule nilimfungia mimi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa sijui unasema nini.

Mnamo Jumatano tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, niliitwa hapa kituoni kutambua kielelezo. Koplo aliweka daftari mezani, akaniuliza Mamba ni nani, na kama tunafuga. Nilimweleza. Kisha akaniruhusu nilifungue.

Mwandiko ulikuwa wa marehemu, ule wa siku za mwisho unaoteremka kuelekea pembeni. Ukurasa wa kwanza ulianza na neno "Pasi". Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akinisimulia habari za mwenzake wa kazini aliyemwita Pasi, kwa kuwa ndiye aliyenyoosha mashuka na majoho ya madaktari. Nilikuwa nikisikiliza nusu, jicho lipo kwenye lenzi. Nilidhani ni mzee. Nimeambiwa sasa kwamba hata msibani alikuwepo, alibeba viti. Sikumwona.

Nimenakili maneno haya mwenyewe, na koplo ameyalinganisha na daftari:

"Pasi, nikishaondoka na binti akisharudi kwake, nenda Jumanne na Ijumaa ukitoka zamu. Utoke kabla ya saa nane, yeye hakosei. Wiki ya kwanza mpikie kabisa. Ya pili usiivishe mpaka ndani. Ya tatu usimkatie. Ya nne usimtilie chumvi. Ya tano mwachie kitu kizima kama kilivyotoka sokoni. Ya sita usiache chochote, weka ufunguo juu ya Mamba uondoke. Usimwambie. Akijua anafundishwa atasema ana saa ya mtu mezani."

Kurasa zilizobaki ni za vyakula. Kuku dakika ngapi, samaki ngapi, yai livunjiwe wapi lisikimbie. Kwenye ukurasa wa bilinganya ameandika: "Hili analipenda, ila hajawahi kusema."

Nilimwomba koplo maji ya kunywa.

Ni kweli alikuwa akiniita. Miaka yote ile, alikuwa akisema kutoka jikoni, "Njoo uone kitu kidogo tu." Nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo alivyoandika. Mpaka sasa sielewi alipata wapi nguvu ya kupanga wiki sita za mtu mwingine akiwa kwenye zile sita zake. Na Pasi, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu, alikaa siku mbili mahabusu bila kusema neno moja la kujitetea, kwa sababu aliambiwa asiniambie. Hilo nalo silielewi.

Nimeulizwa rasmi kama mtu huyu aliingia nyumbani kwangu kwa ruhusa. Jibu langu ni ndiyo. Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wetu alimruhusu. Nimeulizwa pia kama daftari liliibwa. Halikuibwa, lina jina lake ukurasa wa kwanza. Binti yangu ndiye aliyefungua malalamiko, kwa uchungu wa mama yake. Hajalisoma bado. Nitamsomea mimi leo jioni, naomba kopi.

Naukabidhi ufunguo wenye uzi mwekundu ili uonekane. Ukishaonekana naomba apewe Pasi, si mimi. Kesho ni Ijumaa. Kama hatakuwa amechoka na sisi, aje saa nane kamili, asitoke kabla yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na mengine niliyala. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Saa nne na dakika hamsini asubuhi.

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye amekiri ni sahihi. Aliomba neno "mtuhumiwa" lifutwe kila lilipoandikwa na badala yake liandikwe "Pasi". Nimefanya hivyo. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa kituo na pendekezo la kumwachia leo.

Shahidi alikuja na chombo cha plastiki chenye kifuniko, ndani yake kuku na bilinganya, akaomba kifikishwe mahabusu. Nimekikagua. Vipande vya bilinganya havilingani. Kilifikishwa saa tano na dakika tano. Mahabusu alichukua kipande kilicho kinene kuliko vyote, akakigawa katikati kwa mikono, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama kwa muda. Akasema, "Kimeiva." Kisha akala.

Koplo, chumba namba 3.