Mume Wangu Anasema Kiungo Kipya Lazima Kivuje

Mshauri mpendwa, nisaidie, kichwa changu kimekuwa uji na sijui tena nimwamini nani. Mume wangu ni fundi bomba, miaka kumi na tisa kazini, na siku sita zilizopita alipasuliwa tumbo, wakakata kipande kibovu cha utumbo wakaunganisha pande mbili zilizobaki, siku ya nne tukarudi nyumbani tunacheka, ila kabla ya kutoka muuguzi aliniita pembeni akaniambia, "Mama, pale tulipounganisha panaweza kuvuja kwa ndani, mpime joto kila asubuhi, nitakupigia uniambie," na mume wangu akasikia hilo neno kuvuja, basi tangu hapo yeye ndiye daktari. Anasema, "Mambo ya kuvuja niachie mimi. Kiungo kipya lazima kitoe jasho siku mbili tatu, halafu kinajiziba chenyewe." Na kweli mshauri, sijawahi kusikia mteja akimrudisha kwa kazi mbovu, sasa mimi nani nibishane naye?

Lakini tangu jana anatetemeka, tumbo limevimba na kuwa gumu, bega linamuuma, moyo unamwenda mbio hadi nauona shingoni, na bado mshono wa nje ni mkavu, safi, hauna hata tone. Asubuhi kabla sijampima humeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, anakaa saa nzima, ndipo anasema, "Haya, pima." Joto linakuja zuri, namsomea muuguzi, naye anasema hongera mama. Je, nimedanganya? Namba nimeiona kwa macho yangu! Wifi yangu anasema ni gesi tu, nimpe maji ya moto, tena nimpe na vidonge vya kuua vijidudu vilivyobaki kwenye droo alipoumwa jino. Mume wangu ameniapisha, "Ukimwambia yule muuguzi, usinisemeshe tena," maana anaogopa watampasua upya na kumwekea mfuko wa kupokelea choo tumboni, ataingiaje chini ya sinki za watu? Nitunze siri ya mume wangu au nimsaliti?

Mimi, mke wa fundi

Mama, jibu hili nimekutumia kwa simu mara tu nilipokusoma, gazeti litafuata lenyewe. Pole sana, na sasa nikugombeze. Vidonge vya maumivu hushusha na homa, kwa hiyo namba uliyomsomea muuguzi ilikuwa ya vidonge, haikuwa ya mume wako.

Mumeo ni fundi hodari, sibishi. Lakini akienda kuziba bomba la mtu, si huanza kwa kufunga maji? Tumboni mwake nani amefunga? Kikivuja hapo, kinachomwagika ni uchafu wa choo, na unaweza kusambaza sumu mwili mzima kwa saa chache. Uvujaji mdogo huweza kupona, ndiyo, lakini mbele ya macho ya daktari, si chini ya blanketi. Mshono wa nje kukauka hakukuambii lolote kuhusu wa ndani. Mimi siwezi kujua kama kinavuja, wala wewe, wala wifi yako, na ndiyo maana mnakwenda hospitali.

Mpigie muuguzi sasa hivi umwambie yote: vidonge, kutetemeka, bega, tumbo, moyo. Asipopokea, usimngoje. Tafuta gari umrudishe walikompasua, si duka la dawa la jirani. Asile wala asinywe chochote mpaka wamwone, hata hayo maji ya moto. Vidonge vya jino viache kwenye droo. Beba karatasi zake, na useme saa aliyomeza vya maumivu.

Mfuko? Huenda wakamwekea, huenda wasimwekee, na wengi huwekewa kwa muda tu kisha wakarudi kazini. Siri za ndoa ni nyingi, mama, homa haimo. Atanuna, tena atanuna sana. Mwache anune, utambembeleza akiwa hai.