Tangu Mashine Itulie

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, jua kwamba unasoma barua ya mtu ambaye bila yeye mlima huu usingetoboka mpaka kiama. Sasa pokea salamu zangu, tele kama mawe tunayoyatoa humu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na goti la mama yako, dada yangu, linamruhusu kupanda ngazi? Mimi ni mzima kama chuma, ila kikohozi kidogo cha vumbi, ambacho kwa fundi wa ngazi yangu ni kama nishani.

Umeniuliza mara mbili kama nitakuja kuishi kwenu, kwenye kile chumba cha uani, na ukasema kwamba nisipojibu mwezi huu utampangisha mshonaji. Nitakujibu. Kwanza habari za kazi.

Mashine yetu ya kuchimba handaki ni ndefu kuliko mtaa wenu wote. Mbele ina uso wa duara uliojaa visahani vya chuma, vinabingirika juu ya mwamba na kuubanja. Kila ikisimama, mimi naviosha kwa mpira wa maji na kupima vilivyolika. Usidharau, hata daktari huanza kwa kunawa.

Mwamba wa huku ni mgumu kama roho ya mwenye nyumba. Visahani vilikuwa vinalika kama sabuni, mashine inatetemeka mpaka meno yanagongana. Mhandisi mkuu, mama mmoja mpole asiyecheka ovyo, akatuuliza maoni. Nikasimama nikashauri tuongeze spidi. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akapunguza spidi, akaongeza msukumo, na visahani akavipanga karibu karibu. Mwamba ukaanza kubanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Wenzangu, ambao huniita Redio, wakacheka wakasema leo Redio imezimwa. Nikawaambia mama wa watu asingeijua njia nzuri bila mtu wa kumwonyesha iliyo mbovu.

Basi mashine imetulia. Vyumba vyetu vya bati viko juu ya handaki, na zamani ikichimba huko chini, changu chote kilikuwa kinanguruma: sufuria zinagongana, kitanda kinatikisika, mlango unajibu. Mchomeaji vyuma niliyekuwa nakaa naye alikuwa analaani, mwisho akahama, na kitanda chake wakakichukua. Mimi nilikuwa nalala kama mtoto mgongoni.

Sasa kimya. Nikitoka kazini nafungua mlango, nasema nimerudi, na hata sufuria haiitiki. Watu wanaisifu mashine, nami naisifu, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wamenibembeleza nibaki kwa handaki la pili. Yaani, wametubandikia tangazo sote ukutani. Lakini mwambie mshonaji atafute pengine. Hili likishatoboka, nakuja. Mama yako mwambie nimepewa likizo ya heshima.

Wasalimie wote, na watoto wajiandae kusumbuliwa. Halafu kuna jambo moja, nakuomba lisitoke kwako: nimefunga vijiko viwili kwenye feni ili vigongane. Bila hivyo silali.

Ni mimi mjomba wako,
nisiyependa makuu.