Mama wa Chuma Ameniacha Darajani

Mama Scholastique, mshauri wetu, nakusikiliza redioni kila Alhamisi nikifua nepi, leo nimeshika kalamu mwenyewe, naomba unisaidie na usinicheke sana.

Bwana wangu Uthmani ni fundi wa magari, mtu mpole, lakini alikuwa na ugonjwa wa filamu za vita vya miaka ijayo, zile za watu wa chuma na magari yanayoruka, na mwaka jana mtoto wetu Amira alipandwa na homa, mi nampigia simu hapatikani, kumbe yuko kwenye ukumbi wa video, simu kaizima, nikampeleka mtoto hospitali peke yangu. Alhamdulillahi akapona, lakini nilimwapisha Uthmani mbele ya mama yake kwamba filamu basi, nikamwambia ni upuuzi, naye akanikabidhi kle yake, ile flashi yenye filamu zake, nikaifungia sandukuni. Hajavunja neno mpaka leo.

Sasa wiki iliyopita nilitaka kumwonyesha mama mkwe video ya harusi ya wifi yangu, nikatoa kle sandukuni nikaichomeka kwenye televizio, kumbe ni ile ya Uthmani, zote mbili nyekundu. Nikanyoosha mkono niichomoe, lakini yule mfasiri anayesemea filamu kwa Kiswahili chetu akasema, "Huyu mama bado ananyonyesha, lakini leo mtamjua." Na kweli, mwanamke kavaa chuma mwili mzima, maroboti yamemwibia mtoto, anayafuata mji mzima, anaruka gari hadi gari huko hewani, na mfasiri anasema eti yamejificha Zone Industrielle, hapa hapa mjini kwetu kwenye viwanda, nyuma ya maghala, nikacheka mpaka Amira akaamka. Alipompata mtoto akamkumbatia kifuani, mama mkwe akasimama akamfokea, "Mgongoni, we mwanamke! Utapiganaje hivyo?" Na wallahi akamfunga mgongoni kama aliyesikia, akaingia kwenye daraja linalowaka moto, roboti mbele, roboti nyuma, na hapo hapo picha ikakatika. Kle imeishia hapo.

Tumeirudia mara nne, mchana, Uthmani akiwa gereji. Mi niliyesema upuuzi! Nikisonga ugali najiona nimevaa chuma. Mama mkwe kila asubuhi ananiuliza kama yule mama alivuka. Na mtu pekee tunayemjua aliyeona mwisho ni Uthmani, aliuona ukumbini siku ile ya homa. Nikimwuliza, atajua nimemzunguka, neno langu litakosa uzito na ataanza tena kuzima simu. Nikinyamaza, namdanganya mtu aliyetunza ahadi. Nifanye nini?

Mama Amira, Buyenzi

*

Mama Amira, nimecheka, umenikataza bure.

Kicheko kikiisha, kosa liko palepale. Mwenzio amefunga mwaka mzima, wewe na mama yake mnafuturu mchana kweupe. Siku ya homa ulikuwa na haki ya kukasirika, mwanangu, hata mimi ningewaka. Ila kilichokuumiza ni simu iliyozimwa, nawe ukaenda kuhukumu filamu ambayo hujaiona hata dakika moja.

Usimtume mama mkwe akusemee. Usijifanye umeikuta leo kwa bahati. Jumapili akishakula, mpe kle mkononi na umwambie, "Baba Amira, nimeitazama mara nne. Nilikosea kuiita upuuzi." Halafu muape upya, wote wawili: filamu ruhusa, simu kuzimwa marufuku. Na wewe umo, maana mlivyokuwa mnamfokea yule mama, Uthmani angepiga kutoka gereji nani angesikia?

Baada ya hapo kaa chini umwombe akusimulie mwisho, na mama mkwe asimkatize. Mwanamume aliyekaa na hadithi ile kifuani mwaka mzima, hana wa kumwambia, atakuwa amekusamehe kabla hajafika katikati ya daraja.

Kisha nitumie ujumbe: kavuka au hakuvuka. Hilo tu.